Kukusanya stempu na bahasha za zamani: anzia kwenye sanduku la bibi, na usibandue kitu

Kabla hujagusa hiyo stempu, subiri. Najua mkono unawasha, umeona katwiga kadogo keusi pembeni ya bahasha ya kahawia na unataka kukatoa ukaweke kwenye daftari. Usikatoe. Mimi nilikatoa. Nilikuwa darasa la tano, tupo Moshi vijijini, bibi akanipa furushi la barua zilizofungwa na uzi wa katani, za baba mkwe wake aliyekuwa mwalimu wa misheni, nikaziloweka zote kwenye beseni la kufulia, stempu nikaziweka kwenye daftari la hesabu kwa gundi na bahasha nikatupa jalalani. Leo nina stempu za twiga kama ishirini hivi zenye gundi ya dukani mgongoni, na sijui hata moja ilitoka wapi kwenda wapi. Mpaka leo inaniuma. Ndo maana naandika huu mwongozo, ili mtu mwenye sanduku kama lile pale Marangu, Machame, Meru au Ngarenaro asifanye nilichofanya.

Kitu kikubwa cha kushika ni hiki: stempu inakwambia serikali ilikuwa nani, ila muhuri na bahasha vinakwambia barua ilitembea vipi, na hicho cha pili ndo adimu. Stempu zilichapwa kwa mamilioni, bahasha ya babu yako ilikuwa moja.

Hatua ya kwanza: kutafuta

Huku kwetu barua hazikuwa zinaletwa nyumbani, zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi la shule, la kanisa, la chama cha msingi au la duka la Mhindi mjini. Kwa hiyo usitafute kwenu tu. Waulize wazee waliokuwa makarani wa ushirika (KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933 na vyama vya kahawa vilikuwa vinaandikiana barua kila siku), waulize walimu wastaafu, wakunga wa misheni, watu waliofanya kazi relini, familia zilizokuwa na maduka. Sanduku la bati chini ya kitanda, faili la kesi ya shamba, Biblia kubwa ya zamani, begi la ngozi juu ya kabati, humo ndo zinakaa. Mjini angalia wanaouza vitabu vya mtumba na wanaouza vyombo vya zamani, kuna siku unakuta bahasha imetumika kama alama ya ukurasa ndani ya kitabu.

Ukienda kwa mzee usianze na neno stempu wala pesa. Msalimie, kaa, kunywa chai, mwambie unatafuta barua za zamani uzijue. Halafu omba ruhusa ya kusoma, maana barua ni siri ya watu hata kama aliyeandika alishafariki, nimeshakutana na barua ya mahari yenye maneno mazito ambayo familia haikutaka itoke nje, nikairudisha palepale na sijawahi kuipiga picha. Akikuruhusu muulize huyu aliyeandika ni nani, alikuwa wapi, ilikuwa kuhusu nini, na uandike hapohapo kwenye notibuku. Mzee akiondoka, bahasha inabaki bubu.

Hatua ya pili: kutenganisha cha kubandua na kisichobanduliwa

Hapa mimi siku hizi nina sheria ngumu kabisa. Bahasha nzima yoyote kabla ya 1961 haibanduliwi, hata ikiwa imechanika, hata ikiwa imeliwa na mende upande mmoja. Postikadi haibanduliwi, aerogramu (ile barua ya ndege, karatasi moja inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe) haibanduliwi, rejista (ile yenye kikaratasi cha herufi R na namba) haibanduliwi ata ya mwaka 1990. Bahasha zenye kibandiko cha ukaguzi wa vita (barua ilifunguliwa na wakaguzi, ikasomwa, ikafungwa tena) haziguswi kabisa. Unaloweka nini sasa? Vipande vilivyoshakatwa na mtu mwingine, na bahasha za miaka ya karibuni zenye stempu za kawaida na muhuri usiosomeka. Basi.

Hatua ya tatu: kusoma muhuri

Hii ndo hatua ya kukaa nayo muda mrefu, tafuta lenzi nzuri na taa ya mezani, inamisha bahasha kidogo mwanga upite kwa pembeni, wino uliofifia unaanza kuonekana. Unatafuta jina la mji na tarehe. Kisha GEUZA NYUMA, watu wengi hawageuzi, nyuma ndo kuna mihuri ya posta ambazo barua ilipitia na ile iliyofikia.

Nina bahasha moja hapa mezani ya 1949. Mbele kuna stempu ya Mfalme George VI na muhuri wa duara MOSHI, tarehe 14 Machi. Nyuma kuna ARUSHA, tarehe 15 Machi. Yaani siku moja tu. Kwenye ulimi wa bahasha mtu kaandika kwa penseli, herufi ndogo zimelala kulia, "imejibiwa". Neno moja, lakini mimi naona mtu kakaa, kasoma, kajibu, ndo kaweka alama asisahau. Ningeiloweka ile, ningebaki na uso wa mfalme, na uso wa mfalme uko kila mahali duniani.

Sasa ili muhuri ukusemeshe lazima ujue nani alikuwa anaendesha posta wakati gani. Ntaenda haraka kwenye mengine nikae kwenye yanayotuhusu sisi wa kaskazini.

Stempu ya kwanza ya kubandika duniani ni ya Uingereza, ile nyeusi ya peni moja yenye sura ya Malkia Victoria, 1840. Huku bara Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890, na mwanzoni walitumia stempu za kwao Ujerumani hivihivi bila maandishi ya ziada, kwa hiyo kwenye zile muhuri ndo pekee unaokwambia kwamba barua ilitoka Afrika. Mwaka 1893 wakachukua stempu zao wakachapa juu yake thamani ya huku, na neno walilochapa ni PESA. Soma tena, PESA, kwa herufi kubwa, juu ya tai wa Ujerumani. Rupia moja ilikuwa pesa 64. 1896 wakaongeza na jina la koloni, na 1901 zikaja zile za meli, ndo yati ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, iliyoitwa Hohenzollern. 1905 wakabadilisha hesabu, rupia ikawa heller 100, na hiyo heller ndo "hela" unayosema kila siku ukiwa sokoni Mbuyuni. Mtoto ukimwonyesha stempu ya meli yenye neno Heller halafu ukamwambia hii ndo hela, macho yanamtoka, nimejaribu kwa wanangu.

Kwenye mihuri ya Mjerumani usitafute "Moshi" na "Arusha", utapita bila kuona. Tafuta MOSCHI na ARUSCHA, ndo walivyokuwa wanaandika. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na mji mpya ukakua kuzunguka stesheni, tofauti na Moshi ya zamani kule juu. Kabla ya reli kufika barua za huku zilisafiri kwa miguu ya watu, wapagazi na matarishi, mpaka pwani au mpaka pale reli ilipokuwa imeishia. Kwa hiyo bahasha ya Moschi ya kabla ya 1911 na ya baada yake, hata stempu zikiwa za aina moja, ni safari mbili tofauti kabisa, linganisha tarehe za mbele na za nyuma uone siku zilivyopungua.

Halafu vita. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Wanajeshi wa India walikuwa na stempu za India zilizochapwa I.E.F. (Indian Expeditionary Force, ndo jeshi lao), na 1917 zikatoka stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A. (German East Africa) juu ya sura ya Mfalme George V. Kwa upande wa Wajerumani kuna kisa ninachokipenda sana: stempu ziliwaishia kwa sababu Waingereza walifunga bahari, wakachapisha za dharura kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, milimani Usambara, lakini hazikuwahi kutumika, zikafukiwa ardhini adui asizipate na baada ya vita zikafukuliwa. Ukikuta mtu anakuuzia hiyo ikiwa na muhuri wa posta wa 1916, mwache aende.

1922 ndo twiga, Tanganyika, kichwa cha twiga tu, kuanzia senti 5 mpaka pauni 1, na 1925 baadhi zikarudi kwa rangi nyingine. 1927 akaja mfalme tena na maandishi ya "Mandated Territory", yaani nchi iliyowekwa chini ya dhamana ya Uingereza. Kuanzia 1935 stempu zikawa za pamoja, Kenya Uganda Tanganyika, na hapa ndo nataka uone kwa nini nakazania muhuri. Stempu ile ile yenye Mlima Kilimanjaro ilibandikwa Kampala, ikabandikwa Mombasa, ikabandikwa Moshi. Picha ya mlima wetu haimaanishi kwamba barua ilitoka kwetu. Bila muhuri hujui kitu.

Kwenye toleo hilo la 1935 ichukue ya senti 5 yenye jahazi ziwa Victoria, weka lenzi, fuata kamba inayokuja kwenye tanga. Kwenye zingine kamba inaishia hewani haijagusa tanga, kwenye zingine imegusa. Walirekebisha bamba la kuchapia. Ile iliyogusa ndo ngumu zaidi kuipata kwenye toleo hilo, na nimeshawahi kuiona kwenye rundo la stempu mchanganyiko mtu anaziuza kwa kikombe. Za George VI zilizofuata 1938 nazo zina vituko vyake vya meno pembeni, zilitobolewa kwa mashine tofauti kwa hiyo idadi ya meno inatofautiana, inahesabiwa kwa kila sentimita 2, kuna kipimo cha karatasi au plastiki cha kuhesabia na ni cha bei ndogo.

9 Desemba 1961 zikatoka za Uhuru, kuna ya mchuma kahawa na kuna ya mwenge juu ya Kilimanjaro, kila nyumba ya huku inastahili kuwa nayo kwa maoni yangu. 1964 baada ya Muungano zilitoka zenye jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kabla jina la Tanzania halijakaa. Zile za pamoja na Kenya na Uganda ziliendelea mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika 1977.

Hatua ya nne: kuloweka (vile vilivyoruhusiwa tu)

Sinia au bakuli la plastiki, maji ya vuguvugu sio ya moto, weka vipande vichache vikielea picha ikiangalia juu. Dakika kumi na tano mpaka ishirini, stempu inateleza yenyewe. Isipoteleza usivute, ongeza muda. Vipande vya bahasha nyekundu, kijani au kaki iliyokolea loweka peke yake maana rangi inatoka na kuingia kwenye stempu, na haitoki tena. Stempu za enzi za wafalme wa Uingereza zenye zambarau au kijani ziogope, wino wa zingine ulitengenezwa makusudi uchuje kwenye maji ili mtu asifute muhuri akaitumia tena. Kama una mashaka iache kwenye karatasi yake, kata pembeni vizuri kwa mkasi, imekwisha. Stempu za kisasa za kujibandika kama stika nazo mara nyingi hazikubali maji, ziache.

Ikitoka suuza gundi kwa maji masafi, ilaze kifudifudi kwenye tishu au karatasi nyeupe isiyo na maandishi (sio gazeti, wino unahamia), ikikauka ibane katikati ya kitabu kizito usiku kucha. Usipige pasi, wala usianike juani. Na ushike kwa kibano chenye ncha bapa, sio vidole, vidole vina mafuta hata ukinawa.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Adui zetu huku ni masika, mende na stationari. Kwenye masika, Machi mpaka Mei, kuta za nyumba nyingi za Moshi zinatoa unyevu, na Arusha Juni na Julai kuna ile baridi ya ukungu, karatasi inavuta maji na kutoa madoa ya kahawia kama kutu. Usiweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje wala kwenye sanduku sakafuni. Weka juu, ndani ya boksi lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi fungua upitishe hewa nusu saa.

Plastiki laini inayonuka, ile ya mifuko ya vyeti, inatoa kemikali na baada ya miaka inanata kwenye stempu. Tafuta albamu za mifuko zilizotengenezwa kwa ajili ya stempu, au kama hela haipo tumia bahasha nyeupe za karatasi safi, zinatosha kabisa kwa kuanzia. Selotepu usiiguse milele. Na tafadhali, nakuomba kabisa, USILAMINETI. Najua huku kila kitu cha thamani tunapeleka kulamineti, cheti, picha ya harusi, hati. Kuna kijana alikuja kwangu na bahasha nzuri ya enzi za Mjerumani kutoka kwao Siha, muhuri unasomeka kila herufi, na alikuwa ameshailamineti ili aitunze. Alikuwa na nia njema jamani. Joto la ile mashine limeshaishika karatasi na gundi, haitoki. Niliishika mkononi dakika nyingi sina la kumwambia.

Hatua ya sita: bei, na feki

Kwenye katalogi (kitabu cha orodha ya stempu na bei zake), ya Stanley Gibbons au ya Michel ya Wajerumani, bei unayoiona sio ya kuuzia, ni ya kuanzia mazungumzo, na kwa kawaida unapata chini yake sana, hasa stempu ikiwa na jino limekatika, kovu au madoa. Stempu za thamani kubwa, za shilingi nyingi na pauni, angalia alama ya kuonyesha zimeshatumika iliwekwa na nini. Kama ni kalamu au muhuri usio wa posta basi ilitumika kwenye hati za serikali kama kodi, na hiyo thamani yake iko chini, sio mbaya, ila lipa kwa bei yake.

Feki zipo nyingi kwenye chochote chenye maandishi yaliyochapwa juu. Za kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikiteka Januari 1915, zinaogopwa dunia nzima kwa kughushiwa. Stempu za meli za Mjerumani nazo, kuna zilizochapwa wakati wa vita zikauzwa Berlin tu, meli haikuweza kuzileta huku, kwa hiyo zikiwa mpya ni za kawaida na zikiwa na muhuri wa koloni inabidi ushtuke. Kanuni yangu: kama muhuri ndo unaipandisha bei, basi muhuri ndo wa kuchunguza kwanza. Wino wa muhuri uvuke stempu uingie kwenye bahasha bila kukatika, tarehe iendane na stempu, na mji wenyewe uwe ulikuwa na posta wakati huo.

Hatua ya saba: chagua njia yako

Usikusanye kila kitu, utachoka na nyumba itajaa. Chagua mji mmoja, au chama kimoja cha kahawa, au barua za ukoo wako tu kwa mpangilio wa miaka. Mimi nimejikita Moshi na Arusha mpaka 1977. Mwenzangu mmoja anafuatilia Tengeru tu. Wakati wa vita ya pili, kuanzia 1942, walikaa pale wakimbizi wa Kipolandi karibu elfu tano, kambi ikadumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, makaburi yao yapo mpaka leo. Watu wale walikuwa wanaandika barua kwa ndugu waliotawanyika vitani, na barua za miaka ya vita zilifunguliwa na wakaguzi zikafungwa tena kwa kibandiko. Bahasha moja ya namna hiyo, ukiiweka kando ya daftari lenye maelezo ya aliyekuwa akiishi jirani na kambi, hiyo ni kazi ya maana kuliko albamu nzima ya stempu za vipepeo.

Kila kipande kiandikie: kimetoka kwa nani, lini umekipata, muhuri wa mbele, mihuri ya nyuma, aina ya stempu. Andika kwenye karatasi tofauti, au kwa penseli laini sana pembeni nyuma ikibidi. Piga picha mbele na nyuma kwa simu mchana karibu na dirisha bila flashi, na picha moja mwachie mwenye sanduku.

Na kitu cha mwisho ambacho unaweza kukifanya hata kesho asubuhi. Nenda posta, pale karibu na mnara wa saa, Arusha au Moshi zote zina mnara wao, nunua stempu kwenye dirisha, bandika kwenye bahasha iliyoandikwa anwani ya sanduku lako mwenyewe au la mtoto wako, na umwombe karani kwa upole agonge muhuri wa mkono taratibu, uwe wazi, nusu kwenye stempu nusu kwenye karatasi. Wengi wanakubali ukiwaeleza ni ya kumbukumbu. Ikifika usiifungue kwa kuchana, kata ukingo wa pembeni kwa kisu, ndani weka karatasi umeandika siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha, kahawa kilo shilingi ngapi, nani alikuwa mgonjwa nyumbani.